Togwa Iliyopigwa Msasa

Kuna watu waliozaliwa na bahati, na kuna watu wanaosomea shahada ya vyakula katika chuo kilichoanza kama karakana ya maseremala. Mama Tadala alikuwa wa kundi la pili.

Chuo cha Sayansi Tumizi cha Nachilongwe kimekaa juu ya Limbe, njia ya kwendea Thyolo, kwenye majengo yaleyale yaliyokuwa yakitoa makabati na madawati miaka hiyo. Siku moja wakubwa waliona makabati hayatoshi. Taifa linataka sayansi, na sayansi haiwezi kutembea uchi bila shahada. Ikaanzishwa Shahada ya Sayansi Tumizi ya Vyakula. Walimu wakapatikana, majiko yakapatikana, na jokofu moja nalo likapatikana, lililofanya kazi siku ambazo umeme uliamka na moyo wa huruma. Kilichosahaulika ni Kanuni za Maendeleo ya Mwanafunzi na Mitihani.

Dokta Wyson Kapalamula, mkuu wa idara, akapewa wiki moja aziandike. Dokta ni msomi, na msomi hapotezi wiki. Alichukua Kanuni za Useremala, akafuta neno "Useremala" kwenye jalada, akaandika "Vyakula", akapeleka kwa mpiga chapa, akaenda Ntcheu kumzika shangazi yake. Baraza la chuo likazipitisha siku alipoziwasilisha, bila swali hata moja, kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa kimeshafika na kuku hupoa.

Ndiyo maana katika Nachilongwe, mwaka hadi mwaka, vijana wenye akili timamu walikuwa wakipiga msasa ndoo za togwa.

Kanuni ya kumi na nne ilisema kila kazi ya mikono isuguliwe msasa pande zote kabla ya kukabidhiwa. Ya kumi na tano ilisema namba ya mtahiniwa ipigwe kwa msumari wa inchi moja upande wa chini usioonekana. Kwa kabati ni jambo jema. Kwa ndoo ya plastiki yenye lita ishirini za togwa, mwenye macho anaweza kufikiri mwenyewe. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumwuliza Dokta Kapalamula jambo hilo, kwa adabu, akajibiwa kwamba kanuni hazijadiliwi wakati wa mtihani, zinajadiliwa kwenye Kamati ya Kanuni. Kamati hiyo ilikutana mara ya mwisho Dokta akiwa bado mwembamba. Basi vijana wakajifunza kuziba matundu kwa nta ya mshumaa na ubani wa kutafuna, na maarifa hayo yakarithishwa kutoka darasa hadi darasa. Si sayansi tumizi hiyo?

Sasa huyu Mama Tadala. Jina lake ni Esinati Chimombo, miaka arobaini na mmoja, mke wa fundi baiskeli, na kabla ya kusikia habari za shahada alikuwa ameuza togwa sokoni Limbe kwa miaka kumi na mitano. Watu walitoka Bvumbwe na chupa zao tupu kumfuata. Alitaka jambo moja tu: togwa yake iingie kwenye chupa yenye muhuri wa ubora, ikae dukani kama vinywaji vingine vyenye heshima. Wenye muhuri wakamwambia muhuri hupewa karakana yenye msomi wa vyakula. Akaajiri msomi. Msomi akaja, akakaa kivulini miezi miwili, akanywa, akalala, na siku ya kuondoka akamwomba mwajiri wake amwandikie namna ya kuitengeneza. Hapo Esinati akaona heri msomi awe yeye mwenyewe. Akamaliza sekondari ya jioni, akaingia Nachilongwe, akakaa dawati moja na watoto waliokuwa rika la binti yake, nao wakamwita Mama.

Masomo yote alipita, hata yale ya hesabu yaliyomfanya alie jikoni. Somo lililomshinda lilikuwa Utengenezaji wa Togwa.

Mara ya kwanza alishindwa kwa sababu ya kidole. Swali lilitaka joto la uji wakati wa kutia kimea. Wenzake wote waliandika sitini na tano. Kipimajoto cha idara kilivunjika zamani, lakini namba yake iliokolewa, ikawa inanakiliwa kutoka daftari hadi daftari kama dua. Esinati akaandika alichokijua: tia kidole, hesabu mpaka saba, ukikitoa kabla ya saba bado, ukifika saba bila kukunja uso tia kimea. Akapata sifuri. Mara ya pili aliandika sitini na tano, akapata alama zote za karatasi, lakini ndoo yake akaikabidhi bila kuipiga msasa, kwa kuwa alidhani wenzake walikuwa wakimtania. Akarudishwa darasa.

Kanuni ya arobaini na moja haikuwa na utani. Aliyeshindwa somo moja mara tatu huondolewa chuoni wala harudi tena. Pale hawasemi amefukuzwa, wanasema amepaliliwa, kama gugu kwenye shamba la mahindi. Tofauti ni kwamba shambani mwenye jembe hutazama kwanza lipi ni gugu.

Kwa hiyo mwezi wa sita ule, Esinati aliingia mtihani wa tatu, wa mwisho, pamoja na vijana kumi na wanane waliokuwa wakiufanya mara ya kwanza. Safari hii alikuja kamili. Ndoo aliipiga msasa ikawa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Chini ya ndoo akagandisha kibao cha mkaratusi kwa gundi, na msumari akaupigia kwenye kibao, namba kumi na tisa, bila tone kuvuja. Bwana Gresham Nkhata, karani wa mitihani, alikizunguka kibao kile mara mbili na rula mkononi. Mwishowe akatangaza kwamba kilichogandishwa kwa gundi ni sehemu ya kazi, akapokea.

Huyo Bwana Nkhata tusimpite hivihivi. Miaka ishirini na saba kwenye ofisi ya msajili, tai shingoni jua au mvua, na kanuni zote kichwani kama mtu mwingine anavyojua majina ya wajukuu. Hakuwa mbaya. Aliamini tu kwamba dunia ingetulia kama watu wangesoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Ndoo kumi na tisa zikafungiwa kwenye ghala la mitihani kumsubiri mtahini wa nje, maana bila mtahini wa nje kuiona kazi yenyewe hakuna alama, hiyo ni ya ishirini na mbili. Mtahini alikuwa Profesa Towera Mughogho wa Mzuzu, na alitarajiwa kesho yake.

Kesho yake ikaja peke yake. Mafuta hakuna Mzuzu, gari la profesa limepanga foleni. Wiki hiyo ikaisha, foleni haijasogea. Mabweni yakafungwa kama ilivyo kawaida baada ya mitihani, vijana wakaenda makwao wakiimba. Togwa hazikuwa na kwao pa kwenda. Zilibaki ghalani, kwenye joto, chini ya bati, na kwa yeyote ambaye mama yake alikuwa na jiko, mwisho wake ulijulikana.

Esinati alikuwa akipenda kuwategea watu vitendawili, na kimoja alikuwa akiwategea wateja wake sokoni: ndugu wawili wa chungu kimoja, mdogo mnyamavu, mkubwa ana kelele. Jibu ni togwa ya leo na togwa ya wiki ijayo. Togwa ni kinywaji cha watoto na wagonjwa. Ukiiacha hugeuka pombe, na ukiiacha zaidi hugeuka siki. Na kanuni ya thelathini na moja ilisema mtahini ataikagua kazi kama alivyoikuta, bila kujali ilivyokuwa.

Siku ya tatu ya kusubiri, alikutana na Lusungu kwenye geti. Lusungu Gondwe alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana mrefu wa Rumphi, ambaye hakwenda kwao kwa kuwa nauli ya kwao na mafuta ya profesa vilikuwa na ugonjwa mmoja. Alikuwa amempatia Mama dawa. Mlinzi wa ghala ni binamu yake. Siku profesa atakapotokea, Mama alete ndoo mpya mapema asubuhi, ya zamani imwagwe, nani atajua?

"Mimi nitajua," alisema Esinati.

"Sasa Mama, wewe utajisemea?"

"Nikipaliliwa, mwanangu, nipaliliwe kwa ujinga wao, si kwa wizi wangu."

Lusungu akacheka, akasema basi Mama aanze kuagana na watu. Esinati alikwenda nyumbani, akawasha taa ya sola, akafungua kile kitabu cha Kanuni ambacho kila mwanafunzi hupewa siku ya kwanza na kukitumia kuzuia mlango usijifunge. Akakisoma toka mwanzo, kidole juu ya mstari, midomo ikitembea, kama alivyofundishwa darasa la pili. Alipofika kanuni ya ishirini na tatu kidole kikasimama.

Kanuni hiyo iliandikwa zamani kwa ajili ya mchwa. Makabati ya mtihani yalikuwa yakiliwa ghalani wakati wa kusubiri wakaguzi. Basi ikaandikwa kwamba mtahiniwa anaweza kuitunza kazi yake kila siku mbele ya karani: kuondoa vumbi, kukausha unyevu kwa moto usiogusa kazi, na kubadilisha sehemu iliyochakaa kwa kitu cha asili ileile, isizidi sehemu moja ya kumi kwa siku. Na karani ataandika kwenye daftari, baada ya kila utunzaji, kama kazi ni ileile.

Asubuhi ofisi ilipofunguliwa alikuwa mlangoni, jiko la mkaa kichwani, sufuria mkono mmoja na kidumu cha togwa mbichi mkono wa pili.

Bwana Nkhata alisoma kanuni ile mara tatu. Akavua miwani. Katika miaka ishirini na saba hakuna aliyewahi kumwomba ya ishirini na tatu. Uso wake ulikuwa wa baba ambaye binti yake aliyesahauliwa na wachumba ameposwa siku moja kabla ya kukata tamaa. Lakini hakuwa mtu wa kuachia kirahisi, akauliza kama togwa kweli ina unyevu.

"Bwana Nkhata," alisema Esinati, "haina kingine."

Likaandikwa. Vumbi likawa ni povu la juu, akaliengua kwa kijiko. Unyevu ukakaushwa: togwa ikamiminwa sufuriani, ikatokota juu ya mkaa barazani mwa ghala, moto haukuigusa, ikapozwa, ikarudi ndooni. Kilichochakaa ni lita mbili, ambazo ndizo sehemu ya kumi ya ishirini, zikatolewa, na lita mbili mbichi zikatiwa. Bwana Nkhata alipima kwa jagi la maabara, jicho likiwa sawa na mstari. Mwisho akaandika kwa mkono wake mzuri: *Kazi imetunzwa. Kazi ni ileile.* Akaweka sahihi, akapeleka daftari kwa msajili, Bwana Chikopa, likagongwa muhuri.

Ikabaki shida moja. Kanuni ya ishirini na nne ilitaka sehemu iliyoondolewa iteketezwe mbele ya karani ili isitumike tena. Ubao huchomwa. Togwa hukataa kuungua. Bwana Nkhata aliandika barua kwa msajili kuomba mwongozo, na kwa kuwa ofisi ya msajili iko mlango wa pili, jibu lilichukua saa mbili tu: njia yoyote isiyoacha mabaki itakubalika.

Karani aliitazama togwa. Ilikuwa saa nne, jua kali, na tai ilikuwa imembana tangu asubuhi. Akakiteketeza kikombe cha kwanza kwa wajibu. Cha pili nacho alikiteketeza kwa wajibu. Cha tatu, Esinati aliona, kilikuwa na dalili nyingine.

Siku ya pili Bwana Nkhata alikuja na kikombe chake cha bati kutoka nyumbani. Siku ya nne aliandika kwamba wingi wa mabaki unahitaji mashahidi zaidi, wakaja watu wawili wa ofisi ya ada na mandazi yao. Jumamosi ilipofika, Esinati alikuwa na wasiwasi kwamba ofisi itafungwa na togwa itaharibika, lakini karani alimsomea mwenyewe: kanuni imesema kila siku, na Jumapili ni siku. Akaja Jumapili baada ya ibada, suti ya kanisani, kikombe mfukoni. Wiki ya pili Bwana Chikopa mwenyewe alishuka kuhakikisha muhuri wake unagongwa juu ya jambo la kweli. Alikaa nusu saa, akahakikisha vikombe vitatu.

Mara moja Lusungu alipita pale barazani, akasimama kutazama watumishi sita wa chuo wakiteketeza mabaki.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kanuni hiyo ni ya makabati."

"Na ile ya msumari ilikuwa ya nini? Ulipotoboa ndoo yako uliuliza?"

Esinati akamshauri alete naye jiko na unga, nafasi bado ipo. Lusungu akasema angelifikiria. Vijana siku hizi hufikiri sana, ndiyo maana hawapati muda wa kutenda. Alilifikiria siku kumi, na siku ya kumi na moja mfuniko wa ndoo yake uliruka wenyewe ukagonga bati, na hapo hapakuwa na cha kufikiria tena.

Siku ishirini na tatu zilipita. Siku iliyofuata Profesa Mughogho aliingia, miguu imevimba, amesafiri kwa basi la usiku akaacha gari lake foleni. Alikuwa mama mfupi wa miaka sitini, na hakutaka salamu ndefu. Ghala likafunguliwa. Harufu ikatoka kwanza, watu wakaipisha.

Alizipitia ndoo moja baada ya nyingine, kijiko mkononi, Dokta Kapalamula nyuma yake akieleza ubora wa programu. Ya kwanza ilikuwa siki. Ya pili siki. Ya tatu ilikuwa pombe, na si mbaya, profesa alisema, angependa kujua aliyeitengeneza anaishi wapi. Ya saba ilikuwa tupu kabisa. Ubani wa kutafuna ulikuwa umeachia, na ndani ya ndoo palikuwa pakavu na safi, pamepigwa msasa vizuri. Ya kumi na mbili, ya Lusungu, haikuwa na mfuniko, ila ilikuwa na panya mmoja aliyekufa kwa furaha. Kwenye karatasi zikaandikwa ishirini na mbili, kumi na nane, tisa, sifuri.

Alipofika ya kumi na tisa alionja. Akaonja tena. Akauliza kama kuna kiti. Akaketi, akaomba kikombe badala ya kijiko, akanywa mpaka mwisho, kisha akaandika tisini na moja na kupiga mstari chini yake.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Hujakaa na wasomi.

Alasiri ile Bodi ya Mitihani ilikaa, na Esinati akaitwa ndani kujieleza. Mezani walikuwa Dokta Kapalamula, Bwana Chikopa msajili, Profesa Mughogho, na Bwana Nkhata pembeni akiandika kumbukumbu. Dokta alikuwa ameona jambo ambalo halikumpendeza. Wanafunzi kumi na wanane wameanguka chini ya mafundisho yake, na aliyepita ni mwanamke wa sokoni anayepima joto kwa kidole. Jambo kama hilo likiachwa, watu wanaweza kuanza kuuliza kipi kimekosekana. Alisema kwa upole mkubwa kwamba hana ugomvi na Mama Tadala, anampenda kama dada yake, ila ubora ni ubora. Togwa iliyokaguliwa leo siyo ile iliyokabidhiwa mwezi uliopita. Mtahiniwa amekabidhi kazi moja na kukaguliwa kwa nyingine, na kukosa kukabidhi ni kushindwa, na kushindwa mara ya tatu ni arobaini na moja.

Profesa akaomba kalamu. Lita ishirini, kila siku inatoka sehemu ya kumi na kuingia sehemu ya kumi, siku ishirini na tatu. Alikokotoa pembeni mwa karatasi kwa dakika moja, akasema kwamba kwa hesabu, ndani ya ndoo ile imebaki chini ya sehemu moja ya kumi ya togwa ya kwanza. Hakuifurahia habari hiyo, lakini hesabu haikumwuliza.

Dokta akafungua mikono kama mtu aliyeletewa zawadi. "Unaona, dada yangu. Hata wewe mwenyewe unajua hii si ileile."

Esinati alikuwa amesimama. Hakuna aliyempa kiti. Aliwaza sokoni, ndoo zake pembeni mwa barabara, vumbi la malori, na chupa zenye muhuri zikipita kwenye gari kwenda kwa watu wengine. Miaka mitatu ya kulala saa nane. Hakuwa na maneno ya kisomi ya kumjibu Dokta. Alikuwa na kile kitabu tu, kimekunjika pembe.

"Dokta, mimi sijui kama ni ileile," alisema. "Mimi ni mtahiniwa. Kanuni haikuniuliza mimi. Imesema anayejua ni karani, na aandike. Naomba asome daftari lake."

Dokta alitabasamu, akasema hapana haja. Profesa Mughogho akasema ipo.

Basi Bwana Nkhata akasimama. Akanyoosha tai, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma Maandiko. Siku ya kwanza: kazi imetunzwa, kazi ni ileile, sahihi ya karani, muhuri wa msajili. Siku ya pili: kazi imetunzwa, kazi ni ileile, sahihi, muhuri. Dokta alijaribu kumkatisha kwenye ya tano. Karani alimwomba radhi, akarudi kusoma ya tano toka mwanzo, kwa kuwa kumbukumbu haisomwi nusu. Alizisoma zote ishirini na tatu. Ilipofika ya Jumapili sauti yake ililegea kidogo, kama anayekumbuka ladha.

Alipomaliza, hakuketi. Aliongeza, kwa faida ya bodi, kanuni ya tatu: kumbukumbu za ofisi ya msajili ni sahihi mpaka Baraza la chuo liamue vinginevyo. Baraza litakaa mwezi wa kumi na moja. Na kama Dokta anapendekeza kwamba ofisi ya msajili imeandika uongo mara ishirini na tatu, na kuugonga muhuri, basi apendekeze kwa maandishi, nakala tatu, moja kwa Bwana Chikopa mwenyewe.

Watu wote wakamgeukia Bwana Chikopa. Msajili alikuwa akitazama dari. Mtu yule alikuwa ameteketeza, kwa hesabu ya chini, lita saba. Alikohoa, akasema kwamba yeye binafsi aliikagua kazi hiyo mara kwa mara, kwa kina, na kwa kadiri ya ufahamu wake ni ileile. Tena, aliongeza, haijabadilika hata ladha.

Dokta Kapalamula akafunga jalada lake. Alama tisini na moja zikapita.

Zikapita, lakini hazikufika. Kabla kikao hakijafungwa, Bwana Nkhata aliomba tena kusema, uso umemwiva kwa huzuni, kwa sababu mtu mwaminifu kwa kanuni huwa mwaminifu kwa zote. Kanuni ya arobaini: anayerudia mtihani, hata akifanya vizuri namna gani, hatapata zaidi ya hamsini. Akachukua kalamu nyekundu, akakata tisini na moja, akaandika hamsini juu yake. Hakumtazama Esinati alipokuwa akiandika. Profesa Mughogho alimwuliza Dokta kama sheria hiyo nayo ni ya makabati, na Dokta akamhakikishia kwa fahari kwamba hapana, hiyo aliitunga na kuichomeka yeye mwenyewe baadaye.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Vijana walikuwa wamerudi, wamejazana ubaoni, majina yao kumi na manane yote kwenye karatasi ya sapu, mtihani wa marudio wa mwezi wa nane. Lusungu aliisoma yake, kisha akaisoma ya Mama, akakasirika kwa niaba yake kuliko alivyojikasirikia. Hamsini, alisema. Profesa wa Mzuzu amemaliza ndoo karibu robo, halafu hamsini. Kwa karatasi hii, Mama na mtu aliyebahatisha ni sawa. Mama akate rufaa, yeye atamwandikia.

Esinati alisoma mstari wake tena, kidole juu ya kioo cha ubao. Chimombo, E. Togwa. Hamsini. Anaendelea mwaka wa nne. Karatasi nyekundu ya waliopaliliwa ilikuwa ubao wa pili. Aliipitia nayo jina kwa jina mpaka chini, polepole, kwa sababu mtu akishaumwa na nyoka hukagua hata kamba. Kwenye ubao uleule palikuwa na tangazo fupi la Dokta Kapalamula: ili kulinda ubora, kanuni ya ishirini na tatu imefutwa kuanzia leo. Ya msasa na ya msumari zinabaki.

Simu yake ikalia. Alikuwa binti yake Tadala, kutoka Zomba, hajalala toka jana. Esinati alimwambia amepita. Upande wa pili kikasikika kilio, kisha kicheko, kisha Tadala akavuta kamasi akauliza kwa alama ngapi.

"Zinazotosha," alisema mama yake, na akaenda kupanga foleni ya kujiandikisha mwaka wa nne.